Mkono wa Evaristo Bordagaray

Evaristo Bordagaray alikuwa mvunaji wa mahindi, mlevi wa Jumamosi na, kwa maneno yake mwenyewe, duka la dawa la kijiji kizima. Homa ya mabua, ile inayoletwa na panya wa mashambani, iliwahi kumtafuna ikamtema. Tangu hapo, mtu akiugua, hospitali ilimwita, ikamtoa maji ya manjano ya damu, ikamtia mgonjwa. Hukunywa naye chai ya mate bila kusimuliwa habari za mkono ule.

Vuli hiyo homa ikaingia kwake. Zulema, bintiye wa pekee, alifikishwa hospitali fizi zikivuja damu, mikono ikitetemeka, na friji ya maji yale ya damu ilikuwa tupu.

"Tupu vipi, nami nipo?" Evaristo alishakunja mkono wa shati. "Nikamueni, daktari."

Daktari Iriarte, mwanamke asiyejua kuzunguka maneno, alimpima, akarudi na uso wa msibani. "Don Evaristo, kingamwili zako zimepungua. Hazimtoshi hata kuku."

"Zimekwenda wapi?"

"Hazikai milele. Seli B zinazozitengeneza bado zinaikumbuka homa, ila zimelala. Huamka zikiiona tena."

"Basi ziione! Namkamata panya sasa hivi, namla na mkia wake."

"Mle. Zikiamka zinataka siku kadhaa. Zulema hana siku hizo. Mtafute aliyepona majuzi. Ledesma."

Afadhali panya.

"Huyo si alipona kwa kingamwili zangu?"

"Zako zilimshikia mlango tu. Seli zake zikajifunza kazi nyuma yake. Sasa anazo zake, tele."

Tatizo ni kwamba tangu apone, Nicasio Ledesma hakupewa pumzi. Kwenye karata, baani, hata mlangoni mwa kanisa, Evaristo alipaza sauti: "Kohoa taratibu, Ledesma, damu hiyo ni yangu!" Watu walicheka mpaka Ledesma akaacha kutokea.

Evaristo alimkuta uani kwake akigeuza nyama motoni.

"Karibu, mwenye damu," Ledesma alisema bila kugeuka.

"Zulema anakufa, Nicasio."

Kisu kikasimama. "Na ule mkono maarufu?"

"Umekauka kama kiwele cha ng'ombe mzee."

"Basi niambie. Hii iliyomo humu ni ya nani?"

"Yako." Sauti ikampasuka. "Yote yako. Niite mbwa, nitabweka, ila twende."

Ledesma aliiacha nyama motoni, akajifuta mikono. "Funga mdomo, washa gari."

Maji ya damu ya Ledesma yakaanza kumwingia Zulema tone kwa tone. Daktari hakuahidi kitu. Alisema tu wangemleta mapema, badala ya kumnywesha chai ya majani ya kutibu ini wakidhani ni nyongo. Ile chai aliichemsha Evaristo mwenyewe. Zulema hakumtambua babaye, akamwita kwa jina la marehemu mamaye, na yeye akaitika. Binti alipotapika damu nyeusi, Evaristo alishika beseni. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Asubuhi Ledesma alirudi bila kuitwa, amenyoa, anapumua kwa haraka.

"Nimekula vizuri, muuguzi alisema nile. Wanaweza kunitoa tena. Wako wapi?"

Evaristo alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, viatu vya Zulema mapajani, kitanda chake ndani kimeshatandikwa upya.

"Kaa kwanza, Nicasio," alisema, akimsogezea nafasi. "Kaa."