Uji wa Mwanhuzi

Niliamini, kwa moyo wangu wote na cheti changu cha shule ya jioni, kwamba kule Mwanhuzi kuna kiwanda cha pamba kinachowatilia wafanyakazi dawa kwenye uji. Ukinywa kikombe kimoja, miguu inasahau barabara ya kurudi Bariadi. Ukinywa viwili, hata uitwe kurithi ng'ombe wa ukoo mzima, hutoki. Na ushahidi tulikuwa nao: mafundi wetu wazuri walikwenda kule mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyerudi, hata kufuata ndala alizosahau.

Mimi nilikuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi katika kiwanda chetu cha kuchambua pamba, pale Bariadi. Tulikuwa tumebakiwa na fundi mmoja wa kweli, mzaliwa wa Bukundi, mtu mpole ambaye akiigusa mashine kwa spana, mashine inamwamkia shikamoo. Msimu ulikuwa karibu kufunguliwa. Akiondoka yule, zamu yangu ingebaki na wabeba marobota, na mimi wa kupiga filimbi.

Meneja wetu aliliona tatizo, nisimsingizie. Tiba yake ilikuwa picha. Kila msimu alichagua mfanyakazi bora, akampiga picha, akaitundika ukutani karibu na mlango wa ofisi, tukanywa soda. Ukuta ulipendeza mno. Shida ni kwamba picha zilibaki, wenyewe wakaondoka. Ikafika mahali mgeni akiingia anatupa pole, akidhani ni marehemu wetu.

Siku moja fundi alimwambia meneja, nami nimesimama hapo, "Bosi, huu mkanda mkubwa umelika pembeni. Hautatufikisha."

"Wewe kaza nati," meneja akamjibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayeagiza chai. "Kufikiria niachie mimi."

"Sawa, bosi."

Tulipoijaribu mashine wiki iliyofuata, mkanda ukakatika kwa kishindo kilichowashtua ng'ombe hadi Migato. Meneja akatoka mbio, akamkuta fundi na spana yake. Akamfokea palepale, mbele ya akina mama wa kuchagua pamba na madereva wa malori. Fundi gani asiyejua mkanda mbovu? Fundi akajifuta mikono, akasema tena, "Sawa, bosi."

Mama mmoja akaninong'oneza, "Baba, huyu keshaondoka. Hapo umebakiwa na ovaroli."

Nilimfuata meneja ofisini, nikamkumbusha kwamba fundi alikuwa ameshasema.

"Alisema kwa sauti ndogo," akanijibu.

Kesho yake fundi akaomba ruhusa ya siku chache, anakwenda Bukundi kumwona mama yake. Jasho likanitoka. Njia ya Bukundi inapita Mwanhuzi, na Mwanhuzi kuna uji! Nikarudi kwa meneja, nikamweleza habari yote ya dawa. Nilitegemea atanicheka. Akavua miwani, akafunga mlango.

"Na mimi nimesikia," akasema. "Unadhani wanatumia mti gani?"

Tukakubaliana nipande basi nikauchote huo uji, tuuchunguze, kisha tuwapikie watu wetu. Akanipa nauli, akanipa na chupa ya chai ya ofisini, ile ambayo hata mhasibu haruhusiwi kuigusa.

Siku ya tatu nilifika Mwanhuzi, vumbi limenipaka hadi kwenye meno. Mlinzi wa geti la kiwanda hakunihoji. Aliniona na chupa mkononi, akanielekeza kwenye banda la chakula. Ulikuwa muda wa uji. Sufuria kubwa ilikuwa mekoni, na watu wamekaa kwenye mabenchi, vikombe mikononi. Katikati yao, na ovaroli mpya, alikuwa fundi wetu. Mzee mmoja mwenye shati jeupe alikuwa amekaa naye bega kwa bega, anapuliza kikombe chake huku akimwuliza, "Kwa hiyo tuagize ya saizi ipi?" Nilidhani ni mtunza stoo. Alikuwa meneja wao.

Fundi aliponiona akainuka, akaja akinichekea, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bosi mdogo! Karibu. Mama hajambo, jana nimeshinda kwake."

"Umekunywa vingapi?" nikamwuliza, kama anavyoulizwa mtu aliyeumwa na nyoka.

"Hiki cha pili."

"Basi umekwisha, kaka! Twende sasa hivi, kabla haijapanda kichwani. Msimu unafunguliwa, na bila wewe zamu yangu ni msiba."

"Haijapanda nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, dawa, mti, na wenzake waliosahau ndala, nikimwonyesha chupa ya chai kama mwendesha mashtaka anayeonyesha kisu cha ushahidi. Nilimwahidi hata picha yake ukutani, tena kubwa, yenye fremu.

Aliniacha nikamaliza. Kisha akanijazia kikombe, akanipa.

"Kunywa, kaka. Ni unga wa mtama, maji na sukari. Anayepika ni yule mama pale, kamwulize. Hakuna dawa. Juzi nilipita hapa kuulizia kazi, nikawaambia beringi ya mashine ya pili inalia. Leo wananiuliza waagize ipi. Nimebaki kwa sababu hiyo, na wale wenzangu walibaki kwa sababu hiyo hiyo."