Koti la Mkono Mmoja

Nakuomba jambo moja tu: usinicheke mpaka nimalize. Ukifika mwisho ukaona bado kunachekesha, haya, cheka. Lakini mimi nilikuwepo, nilikuwa na akili zangu timamu, na ulikuwa mchana kweupe. Watu hudhani mambo haya yanangoja giza. Mimi yalinikuta baada ya adhuhuri, chai iko mezani, katika jiji la Guangzhou, kwenye nyumba aliyopanga mdogo wangu Zuhura.

Mimi ni mfanyabiashara, mtu wa Mombasa. Nanunua viatu na nguo Zhanxi, kule kwenye maduka ya jumla karibu na stesheni ya treni, napeleka nyumbani. Mdomo ninao, wenye maduka wote wa kule ni mashahidi. Msimu ule mzigo wangu ulikuwa umekwama bandarini Huangpu, ajenti ananipiga danadana, leo, kesho, leo, kesho. Zuhura naye yuko chuo kwa ufadhili, ana mitihani, na ana mtoto mchanga, Hanifa, hata kukaa bado. Mumewe yuko Mombasa. Basi nikahamia kwake nimshikie mtoto.

Na usidanganywe na mtu kwamba kusini mwa China hakuna baridi. Theluji hakuna, kweli, lakini kuna baridi yenye maji ndani yake. Kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki, na ukikanyaga vigae bila soksi unaipata hadi kwenye meno. Nyumba hazijajengewa joto, kila mtu na hita zake. Kwa Zuhura zilikuwepo tatu, kila moja ya aina yake, zote mali ya mama mwenye nyumba aliyekaa chini yetu. Tulimwita Ayi, ndivyo Wachina wanavyowaita kina mama wa makamo. Huyu umakamo alishaupita, lakini jina lilikuwa limemganda.

Siku niliyohamia, Ayi alipanda juu kunifundisha kuzima hita. Nilicheka kwa sauti. Mimi, mtoto wa Mombasa, nafundishwa kuzima joto?

"Msikilize, dada," Zuhura akaniambia. "Huku watu wanaungua wamelala."

Ayi hakucheka. Alinishika kiganja akanipeleka kwenye hita moja baada ya nyingine. "Guan," alisema kila mara, yaani zima. Ile ya ukutani bafuni, ya feni, unabonyeza rimoti, lakini usichomoe plagi mpaka feni iache kuvuma, kwa sababu inajipoza yenyewe. Ile ya duara yenye uso mwekundu, wenyewe wanaiita jua dogo, unazungusha swichi hadi mwisho, unachomoa, na usiuguse waya wa mbele mpaka wekundu uishe wote. Na ile ya mafuta, yenye mbavu za chuma, unarudisha kifundo chini, unazima swichi zake, unachomoa, kisha unakumbuka kwamba hata ikizimwa inabaki na moto kwa muda mrefu sana. Nguo usianike juu ya hita yoyote. Mwishoni alisema jambo refu, Zuhura akanitafsiria: moto wowote usio na mtu wa kuuangalia, uzime.

Nilishika somo. Ndiyo maana hata leo nikijilaumu nasema, si yeye aliyenifundisha?

Siku chache baadaye Zuhura aliondoka asubuhi kwenda kwenye mtihani. Nilimfunga Hanifa mgongoni kwa leso, nikavaa koti langu nene juu yetu sote wawili, nikashuka kutupa taka. Kwenye kibaraza cha ngazi, nje ya mlango wa Ayi, palikuwa na bati la biskuti linawaka moto. Ndimi za moto zimekaribia kabisa gurudumu la baiskeli ya mtu. Mlango umefungwa, mtu hayupo. Ungefanyaje wewe? Pembeni palikuwa na ndoo ya maji ya kupigia deki. Niliimwaga yote.

Moshi ulipopungua nikaona nilichozima. Lilikuwa koti la karatasi, la buluu, vifungo vyeupe vimechapwa tu juu yake. Mkono mmoja ulikuwa umeshaungua pamoja na ukosi. Sehemu iliyobaki ilikuwa imelowa chapachapa.

Ayi akatoka. Kumbe alikuwa ameingia ndani kuchukua suruali ya karatasi ya kuendana na lile koti. Alitazama bati, akatazama ndoo mikononi mwangu. Nilingoja matusi. Badala yake alitoa simu, akasema nayo polepole, na ile simu ikanitafsiria kwa sauti ya mashine: "Hizo zilikuwa nguo za dada yangu. Atasikia baridi."

Mtu hawezi kufanya biashara na Wachina mwaka mzima asijue kwamba nguo za karatasi huchomewa wafu. Nilijua. Niliona haya, nikaomba radhi kwa maneno machache ya Kichina niliyo nayo. Lakini nikipanda ngazi nikasema moyoni, Mungu nisamehe, ni karatasi tu. Ayi alibaki amesimama pale, hanitazami mimi. Alikuwa anatazama ngazi za kupandia juu kwetu.

Mchana mvua ikaanza. Nilimnywesha Hanifa maziwa, nikamlaza kwenye kochi, nikamimina chai. Mlango ukagongwa. Unajua mazoea yetu: kabla sijanyanyuka, kabla sijauliza nani, mdomo ulishasema, "Karibu!"

Nilifungua. Alikuwa msichana, si zaidi ya umri wa Zuhura, amelowa kutoka kichwani hadi miguuni, midomo inatetemeka. "Leng," akasema. Baridi. Neno hilo nilikuwa nalisikia kila siku sokoni. Nikadhani ni jirani aliyenyeshewa. Mgeni ameloa mlangoni, nimeshamkaribisha, nimfungie? Nikampisha ndani, nikamketisha karibu na hita ya mafuta, nikampa kikombe changu.

Akakishika kwa mikono miwili. Mvuke wa chai ukakatika pale pale. Nilitazama ndani ya kikombe, maziwa yalikuwa yameganda utando juu kama chai iliyolala. Yeye akarudia, "Leng."

Nikawasha jua dogo nikamsogezea. Nikafungua mlango wa bafu nikawasha na ile ya feni. Hita tatu kwenye nyumba ya vyumba viwili, na mimi nikawa naona pumzi yangu mwenyewe. Msichana alinyoosha kiganja akakibandika kwenye waya wa jua dogo. Niamini, alikibandika, si kukisogeza tu, na hakuna kilichoungua. Maji yaliendelea kudondoka kwenye nywele zake.

Hapo ndipo nikamtazama vizuri. Koti lake lilikuwa la buluu. Lina ukosi na mkono mmoja tu, vile vilivyowahi kuungua kabla ya maji yangu. Mkono wa pili ulikuwa mtupu, ngozi imesinyaa kwa maji. Na vile vifungo vyeupe vya ukosini havikuwa vifungo, vilikuwa vimechorwa.

Nilianza Ayatul Kursi na ulimi ukanigomea, nikaruka maneno, nikarudi mwanzo, nikaruka tena. Yeye alikuwa ameshafumba macho mbele ya lile jua dogo, ananikumbusha Zuhura akiwa mdogo, anapoota moto wa jiko. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba hakuwa na ubaya wowote usoni.

Sasa sikiliza nilivyofikiri. Nikasema, huyu amefuata joto. Joto likiisha, ataondoka.

Nikaenda bafuni nikabonyeza rimoti, nikangoja feni iishe kuvuma kama nilivyofundishwa, nikachomoa. Msichana hakushughulika. Nikanyata hadi kwenye jua dogo, nikazungusha swichi, nikachomoa. Wekundu ukafifia, na yeye akageuka taratibu akaikumbatia hita ya mafuta. Nikapiga magoti nyuma yake, karibu naye hivi kwamba maji yake yalinidondokea, nikarudisha kifundo, nikazima swichi, nikachomoa. Sebule ikawa kimya. Ile hita ilibaki na moto wake kama Ayi alivyosema, na msichana alibaki ameikumbatia, shavu kwenye chuma. Nilikaa sakafuni nikimwomba Mungu ipoe.

Ikapoa. Chuma kililia, tik, tik, kisha kikanyamaza. Msichana akafumbua macho, akainua kichwa, akatafuta.

Nilikuwa nimezima kila chenye joto ndani ya nyumba ile isipokuwa kimoja. Kilikuwa kimelala kwenye kochi, kimekunja ngumi.

Sijui nilirukaje. Nilimnyakua Hanifa nikambana kifuani ndani ya koti nililovaa, lakini mguu wake wa kushoto ulibaki nje, soksi imevuka, na yule msichana alikuwa ameshafika. Aliushika kwa vidole viwili tu, kwa upole. Hanifa alivuta pumzi moja kubwa na asilie. Nilimtazama midomoni, ilikuwa inageuka zambarau.

Nikamvuta mtoto. Nikarudi kwenye hita niziwashe, plagi haiingii. Jua dogo likapata wekundu kidogo likafa. Ya mafuta inachelewa kupata moto, nani asiyejua. Basi nikavua koti langu, koti la kweli, zito, la Zhanxi, nikamtupia mabegani. Likaanguka sakafuni. Hakukuwa na mabega ya kulishika. Alilitazama pale chini kwa namna iliyonitia huruma, hata katika hofu ile, kisha akanyoosha tena mkono kwa Hanifa.

"Ayi!" nilipiga kelele. "Ayi! Ayi!"

Alikuja mbio kuliko umri wake, nadhani alikuwa anasubiri kuitwa. Alisimama mlangoni akishika ukuta. "Jie," akasema. Yaani dada, dada mkubwa. Bibi kizee mwenye mvi kichwa kizima anamwita dada mkubwa msichana ambaye hata ishirini na tano hajafika. Machozi yalimtoka hapo hapo.

Kisha akaokota koti langu, akaninyooshea, akaniuliza kwa macho. Bati lilikuwa bado liko ngazini. Nilijua anauliza nini, na najua dini yangu inasema nini. Lakini Hanifa alikuwa mwepesi mikononi mwangu na baridi kama kitambaa kilicholowekwa. Nikatikisa kichwa kukubali.

Sikuwasha mimi, koti tu ndilo lilikuwa langu. Hayo nimejiambia mara nyingi.

Liliungua vibaya, kwa moshi mweusi na harufu ya plastiki. Na lilivyokuwa linaungua, ule mkono mtupu ukaanza kuvikwa, kwanza kiganja, halafu kiwiko, halafu bega. Lilikuwa koti langu. Begani lilikuwa na doa la maziwa aliyotapika Hanifa asubuhi ile. Msichana alilifunga vifungo hadi shingoni, vifungo vya kweli, akapita katikati yetu, akashuka ngazi. Vigae alipopita vilikuwa vikavu. Na Hanifa akalia, kilio kikubwa cha njaa, na mimi nikalia naye.

Ayi aliniambia habari yake baadaye, kwa ile simu. Walikuwa ndugu wawili wenye koti moja la baridi. Dada alimvisha mdogo, yeye akaumwa kifua na hakupona. Kila msimu wa baridi Ayi anamrudishia.

Zuhura aliporudi nilimwambia nilianika koti juu ya hita likaungua. Alinigombeza kweli kweli. Mpaka leo anajua hivyo.

Sasa wamerudi Mombasa, Hanifa anakimbia uani. Lakini mguu wa kushoto ni wa baridi. Joto la Mombasa unalijua, watu wanalala barazani, na mtoto amevaa soksi moja. Madaktari wanasema damu, wanatoa dawa, Zuhura anaukanda kwa mafuta ya moto. Mimi nanyamaza. Kila msimu nanunua koti zuri Zhanxi, nampelekea Ayi, namwachia mlangoni na siulizi analifanyia nini. Mwaka mmoja visa ilinichelewesha. Zuhura akanipigia simu analia: baridi ilikuwa imepanda hadi gotini. Ilishuka siku nilipofika Guangzhou nikampelekea Ayi koti.

Kwa hiyo wewe unayekwenda ugenini, jifunze kuzima hita zako, kila moja na utaratibu wake, ni jambo la maana. Lakini ukikuta moto usiouwasha wewe, ngoja mwenyewe atoke. Na mlango ukigongwa, tazama kwanza ndipo useme karibu.

Safari iliyopita sikuweza kuliacha koti mlangoni nikaondoka, nilimkuta Ayi mbele ya bati lake amedhoofika sana. Mikono inamtetemeka, kiberiti kilimshinda, njiti zinamdondoka moja baada ya nyingine. Mwishowe akaninyooshea mimi kile kiberiti. Nilijifanya sikukiona, tukahangaika mpaka jirani akatusaidia.

Msimu unakaribia tena. Koti nimeshalinunua, na mara hii nadhani kile kiberiti nitakipokea.