Kura ya Mtamba, Kengele ya Saa Sita

Oliva Sebastiani alikuwa mwalimu wa kompyuta mjini Mbulu, mtu wa kushika muda mpaka anachosha. Sisi akina mama wa kikundi cha kijiji cha Tlawi tulimpenda kwa sababu alitusaidia kupiga kura ya mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Aliyempata alimlea, na ndama jike wa kwanza alimrudisha ili naye apigiwe kura. Zamani tulikunja vikaratasi, yakaja maneno kwamba vingine vinakunjwa kwa upendeleo. Oliva akatutengenezea ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari cha kompyuta yake: unabonyeza, namba inatokea, mwenye namba anaondoka na mnyama.

Namba tulipewa kwa kufuatana na tunavyoingia ukumbi wa kanisa. Benedikta, mjane anayeishi jirani na kigango, ndiye aliyefungua mlango na kufagia, basi kila mara alikuwa namba moja. Wajukuu wake walikunywa chai kavu, bila maziwa, na hakuna aliyemtaka mtamba kuliko yeye.

Mwenyekiti wetu, Mama Monica, alitaka kura iende na baraka. Kengele ya kanisa ya saa sita mchana ikianza tu kulia, anabonyeza, ndipo tunasali. Mara ya kwanza ikatoka saba. Mara ya pili, saba. Mara ya tatu pia.

Siku ya kura ya nne Oliva alitukuta nje kwenye upepo, tumejifunga mashuka, tunakaribishana kwa heshima ambayo kwa kawaida hatuna.

"Tangulia, dada."

"Hapana, tangulia wewe."

Oliva akauliza kuna nini. Restituta, ambaye hajui kuficha kitu, akamjibu, "Mwalimu, si saba ndiyo inayotoka? Kila mtu anatafuta kuingia wa saba."

Oliva aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Ukurasa wake ulianza hesabu kwa kuangalia saa na dakika, na sisi tulikuwa waaminifu mno kwa kengele. Ukianzia palepale, unafika palepale. Hakuna aliyeiba, ila kwa kura ile Benedikta asingepata mtamba mpaka kufa. Oliva akatueleza hivyo mbele ya wote, akaomba kura isogezwe wiki moja aurekebishe ukurasa.

Aliporudi, ukurasa haukuangalia saa tena. Sasa uliomba namba kwa kivinjari chenyewe, nacho huipata kutokana na vitu vidogo vidogo vinavyotikisika ndani ya mashine, ambavyo mtu hawezi kuvikisia, hata Oliva mwenyewe. Kengele ilipolia, Mama Monica alibonyeza mara kadhaa kwa kujaribu, kila mara namba nyingine. Ndipo akabonyeza ya kweli. Ikatoka kumi na moja, ya Letisia.

Oliva akamfuata Benedikta. "Shikamoo, mama. Pole."

"Marahaba. Nimekosa, lakini leo nimekosa na wenzangu," akasema, na alikuwa anacheka kweli.

"Mama, hukusikia habari za saba?"

"Nilisikia tangu mwanzo."

"Sasa mbona hukusubiri nje?"

"Ukumbi angefagia nani?"

Restituta alikuwa amesimama karibu, akaangalia chini. Mimi pia niliona haya. Mwezi uliofuata Benedikta alipofika kufungua mlango, alimkuta Restituta ameshafika na ufagio wake kutoka nyumbani.