Risasi Kwenye Pindo la Pazia

Wamenichosha. Kila anayepita hapa mlangoni ni "andika, andika, wewe ndiye unayeijua habari yote." Mimi shule niliiona mgongo tu, na kalamu naishika kama mtu aliyeshika kaa la moto. Lakini nikiwaachia wengine wataitia sukari, watamfanya fundi malaika na jirani yake shetani. Basi naandika mimi, kama fundi mwenyewe alivyonisimulia, na asiyependa afunge macho.

Fundi ninayemsema ni mshona mapazia, mjane wa miaka sitini na kitu, na hicho kitu hakisemi. Chumba chake cha mbele ndicho karakana: cherehani ya miguu chini ya dirisha, meza ndefu ya kukatia, pasi nzito, na fimbo ukutani iliyotundikwa mapazia ya mfano ili mteja achague. Sifa ya mapazia yake ilikuwa moja. Yalianguka yamenyooka kama maji yanayomiminwa. Upepo ukiingia ndani, mapazia ya wengine yanarukaruka kama watoto waliofunguliwa shule. Yake yanajitikisa kidogo, yanarudi mahali pake. Wateja wakimuuliza siri, aliinua mkono wa kulia akautazama kama vile hajauona siku nyingi.

"Ni mkono," anasema. "Na mkono haufundishwi."

Mkono gani! Ndani ya pindo la chini, kwenye kona zote mbili na katikati, alikuwa akishonea vipande vya risasi, yale madini laini mazito ambayo wavuvi hufungia nyavu ili zizame. Alivigonga kwa nyundo mpaka vikawa bapa kama ukucha, akavizungushia kitambaa, akavishonea ndani kwa sindano ya mkono. Shangazi yake ndiye aliyemfundisha, akamwapisha asimwambie mtu. Miaka thelathini na miwili hakusema. Hata binti yake wa kumzaa hakujua.

Huyo binti ndiye aliyeleta ndege. Alipoolewa mbali alimwachia mama yake kasuku mdogo wa kijivu, mwenye shungi la njano na mashavu mekundu kama mtu aliyejipaka rangi akasahau kuisambaza. Wenye maduka ya ndege wanamwita kokateli. Fundi alinuna wiki nzima. "Nimelea wenye miguu wakanishinda, nitamweza mwenye mabawa?" Lakini mwaka haukuisha ndege akawa mwenye nyumba. Alijua kulia kama cherehani inayodai mafuta. Alijua kumwambia kila anayeingia, "Vua viatu!" hata aliyekuja peku. Na kila alasiri fundi alipomfungulia tundu, alipanda mapazia ya mfano kwa mdomo na kucha, akashuka nayo mpaka chini, akitafunatafuna nyuzi za pindo. Kwa hiyo akaitwa Mkaguzi.

"Kagua, bwana," fundi alimwambia huku akikata kitambaa. "Ukiona kasoro useme."

Jumatatu moja mteja aliingia na viatu vyake na Mkaguzi asiseme neno. Fundi akacheka. "Leo umepata bahati, mkubwa amenuna." Jumanne akanyamaza tena. Fundi alichungulia bakuli la mbegu, akaliona limejaa, akasema moyoni, huyu anajidekeza, amemkumbuka binti. Jumatano mchana alimkuta amejifutua manyoya yote, amekuwa duara kama pamba ya mto, macho nusu yamefumba, na jua liko utosini. Chini ya tundu, kwenye karatasi, kinyesi kilikuwa maji ya kijani kibichi.

Akampa maji ya sukari kwa kijiko. Ndege akageuza kichwa.

Hapo ndipo jirani wa mkabala alipoingia kurudisha mkasi. Huyu anauza mapazia yaliyoshonwa tayari, ya lesi, na mtaani anaitwa Bi Lesi. Ugomvi wao una umri wa miaka kumi na mitano, na ukimuuliza kila mmoja chanzo chake utapewa hadithi mbili ambazo hazijawahi hata kusalimiana. Lakini mkasi wanaazimana, maana mkasi mzuri hauna adui. Na nyuma ya nyumba yake Bi Lesi anafuga ndege wa aina hiyohiyo, jozi sita.

Aliweka mkasi mezani, akatazama tunduni, asiondoke.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini? Amenuna tu."

"Ndege hanuni mchana amefumba macho, shoga. Huyo anaumwa. Amekula?"

"Bakuli limejaa, huoni?"

Bi Lesi alilitoa bakuli, akalipeleka mlangoni, akalipuliza. Maganda yakaruka, yakaenda na upepo mpaka barabarani. Chini kabisa zikabaki mbegu tatu.

"Anabandua ganda, anakula kiini, ganda linabaki juu," alisema. "Umekuwa ukimtazamia maganda siku ngapi?"

Fundi alitia mbegu mpya haraka, kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua ni ya nani. Mkaguzi akashuka bakulini. Akadonoa. Fundi akageuka kwa ushindi. "Haya! Anakula."

"Mtazame mdomo, usitazame kichwa kinavyoinama. Anaokota, anaangusha. Anajifanya. Ndege mgonjwa huficha ugonjwa wake mpaka nguvu ya kuficha imwishie, kwa sababu porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa. Ukishamwona anaumwa, ujue ameumwa zamani." Akaingiza mkono tunduni, akamshika taratibu, akampapasa kifua kwa kidole. "Lete kidole chako."

Fundi akagusa. Mfupa wa kifua ulikuwa umechongoka kama ukingo wa rula, nyama pembeni hakuna. Bi Lesi alipomrudisha kijitini, mguu wa kushoto haukukunjika. Mkaguzi alining'inia kwa mguu mmoja, akaanguka chini, pu! kama bobini ya uzi inapodondoka mezani.

Bobini huokotwa. Fundi alisimama tu.

"Katoni," Bi Lesi alisema. "Una katoni ya viatu? Na chupa ya maji ya moto uifunge taulo. Huyu akipoa njiani amekwenda. Twende."

"Twende wapi? Nani amekualika?"

"Hakuna aliyenialika. Shika katoni."

Daktari wa mifugo alikuwa binti mdogo tu, mikono safi, sauti ya chini. Kliniki yake ilikuwa chumba kimoja na benchi moja. Alimweka Mkaguzi juu ya mizani ndogo, akasoma: gramu sabini na moja. "Angetakiwa awe na tisini hivi," alisema. Akatazama kinyesi kwenye karatasi, akamgusa miguu, akaona kichwa kinavyotikisika chenyewe. Kisha akainua macho.

"Mama, huyu anatoka nje ya tundu?"

"Anatoka."

"Kuna chochote cha madini anachotafuna? Waya, rangi ya zamani inayobanduka, risasi?"

Fundi anasema neno lile lilimrudisha karakana. Aliona pazia la mfano. Aliona mdomo unavyofumua nyuzi. Na pembeni yake, bega kwa bega kwenye benchi, alikaa Bi Lesi, ambaye kwa miaka kumi na mitano amekuwa akiwaambia wateja, "Mkono, mkono, mkono gani huo? Iko hila." Miaka yote hiyo fundi alikuwa akimjibu kwa kuuinua mkono.

"Hakuna," alisema.

Daktari akaandika. "Sawa. Mashine ya kupiga picha hatuna hapa, kwa hiyo nakwenda na mnachoniambia. Nitamtibu kama ana maambukizi, tuone kesho. Ingekuwa sumu ya madini ningetumia sindano nyingine kabisa, na hiyo haingojei kesho." Akavuta dawa kwenye bomba la sindano.

Fundi alikuwa anahesabu maneno yake kama anavyohesabu mikunjo ya pazia, akitafuta namna ya kusema bila kusema. Aseme ni rangi ya dirisha? Dirisha lake ni la mbao tupu, halijapakwa rangi, na jirani yake analiona kila siku akifungua duka. Amwambie daktari sikioni? Chumba chenyewe kilikuwa na upana wa mikeka miwili.

Ndani ya katoni Mkaguzi alipinda shingo nyuma. Mabawa yakafunguka, yakaanza kupiga kuta za katoni, tapatapatapa, bila kuruka. Daktari akamshika. "Ni degedege," alisema upesi.

"Ngoja!" Fundi alikuwa amesimama. "Usimchome hiyo. Ni risasi. Iko kwenye pindo la mapazia. Mimi ndiye ninayeitia. Naitia kwenye mapazia yote, tangu siku ya kwanza."

Daktari hakuuliza swali la pili. Aliweka bomba lile chini, akafungua kabati.

Sindano ilipokwisha kuingia kwenye nyama ndogo ya kifua, na mabawa yakatulia, ndipo Bi Lesi aliponong'ona, "Kwa hiyo ni mkono."

"Haya, cheka."

"Nitacheka. Si leo."

Sindano zilikuwa mbili kwa siku, kule kliniki, asubuhi na jioni, kwa siku tano. Nyumbani fundi aliweka katoni chini ya taa ya cherehani, akafunika upande mmoja kwa kitambaa ili mgonjwa achague joto au kivuli. Chakula kilikuwa uji mwepesi kwa bomba lisilo na sindano, tone kwa tone pembeni mwa mdomo, polepole asije akapaliwa. Alimwondolea kijiti, akamtandikia taulo chini asianguke tena. Kila asubuhi walimpima. Sabini na moja. Sitini na tisa. Sitini na tisa.

Siku ya tatu daktari, huku akimfuta ndege mdomo, aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Mama, hayo mapazia mengine yako nyumba za watu. Kuna watoto wanaotambaa? Watoto nao hutia kila kitu mdomoni."

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima alitazama madirisha. Mapazia yake alikuwa akiyajua kwa mbali, jinsi yalivyonyooka. Siku zote alikuwa akiyahesabu kwa raha. Siku hiyo kila aliloliona alilihesabu kama deni.

Asubuhi ya nne aliingiza kidole kwenye katoni kumwinua Mkaguzi ampe uji. Mguu wa kulia ukakamata kidole. Wa kushoto ukajaribu, ukateleza, ukajaribu tena, ukakamata. Kisha ndege akainama akamng'ata kwelikweli, damu ikatoka.

"Mshenzi wee," fundi alisema, akalia mpaka miwani ikaingia ukungu. Kliniki mizani ilisema sabini na tatu.

Siku hiyohiyo alivuka barabara, akasimama mlangoni kwa Bi Lesi, kitu ambacho hakuwa amekifanya bila mkasi mkononi.

"Umeshawaambia wangapi?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi waambie."

"Kwa nini mimi? Kinywa huna?"

"Kwa sababu nikisema mimi watasema natafuta kazi ya kushona upya. Ukisema wewe wataamini, maana wanajua unanichukia na huwezi kunitafutia kazi. Waambie wafumue kona. Au waniite nikafumue mwenyewe."

Bi Lesi alimtazama, halafu akacheka, kicheko kile alichokiweka akiba, kirefu, mpaka akashika fremu ya mlango. Alipomaliza akajifunga kanga kiunoni. "Anza na nyumba ya mwalimu," alisema. "Mjukuu wake ameanza kutambaa juzi."

Wamezunguka pamoja nyumba arobaini na sita, mmoja anafumua, mwingine anashona. Wengine waliwashukuru. Mmoja aliwafungia mlango usoni. Wawili walitaka mapazia yafumuliwe na bado yanyooke, hao fundi aliwajibu jibu ambalo siliandiki hapa. Mkaguzi yuko hai, mguu wa kushoto bado mzito kidogo, na haruhusiwi karakana.

Lakini miaka thelathini na miwili ni mapazia mengi, na fundi hakuwahi kuandika alimuuzia nani. Ndiyo maana nimekubali kushika kalamu. Wewe unayesoma, tazama dirisha lako. Kama pazia lako limekunjwa pindo mara mbili, likashonwa kwa mkono na si kwa cherehani, bonyeza kona ya chini. Ukigusa kitu kigumu bapa kama ukucha, chukua mkasi, mtoe mtoto chumbani, mtoe na ndege, fumua, funga vipande kwenye karatasi, nawa mikono kwa sabuni, umletee fundi. Usiniambie utafanya kesho. Mimi nimeandika na vidole vinaniuma. Inuka.