Tulipimwa matiti siku moja: mwenzangu akapewa pole, mimi nikapewa kazi ya kupika chai

Wakuu, habari za huko mliko. Naandika nikiwa Ngokolo, Shinyanga mjini. Haya ni yangu mwenyewe, sijapamba kitu, na kuna sehemu mtaniona nina roho mbaya. Sawa tu.

Nimemaliza chuo, kazi bado natafuta. Jirani yangu, mlango kwa mlango, ni Mama Kulwa. Mumewe anachimba dhahabu Geita.

Siku moja tunafua, akaniambia amegusa kitu kigumu kwenye ziwa la kushoto.

Nikaendelea kufua. Mimi nilikuwa na changu upande wa kulia, nimeshakibonyeza mpaka ngozi inauma.

Mwisho nikamwambia, nikamwapisha asimwambie mtu. Tukaenda hospitali pamoja. Wapangaji wote wakadhani namsindikiza tu.

Tulipigwa ultrasound wote wawili. Yeye akaambiwa ni maji tu, yakavutwa kwa sindano, nenda nyumbani, ukiona mabadiliko rudi.

Kwangu daktari akasema, "Sioni cha kutisha, lakini nataka nikiangalie tena baada ya miezi mitatu."

Wakuu, mimi nikipewa sentensi nalala nayo. Kama si cha kutisha, nirudi kufanya nini? Kwa nini mitatu na si sita? Na mbona alimtazama nesi kabla ya kusema "lakini"?

Sasa huku kwetu mtu akitoka hospitali, watu wanakwenda kumpa pole. Jioni ile wanawake wakajaa uani. Sukari, sabuni, mmoja kaja na kuku. Mama Kulwa kakaa mkekani anasimulia sindano. Baba Kulwa naye kapanda basi kutoka machimboni, suruali bado ina tope.

Na mimi msindikizaji nikaambiwa nipike chai.

Tena wakanisifu! "Binti huyu ana moyo, kaacha shughuli zake." Shughuli zipi, na kazi sina?

Nilimwonea wivu. Yeye anapewa pole ya ugonjwa ulioisha, mimi wangu uko kifuani na ninamimina chai. Nikamwonea wivu wa mume, wa kuku, hata wa ile sindano. Kuna dakika nilitamani kile kitu chake kirudi, tulingane.

Basi nikawa namkwepa. Akiimba bafuni, naongeza sauti ya redio. Mwishowe akanifuata jikoni.

"We msomi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mbona salamu yangu unaiitikia kama unang'olewa jino?"

Nikashindwa kujizuia. "Nakuonea wivu. Umepona wewe, na pole zote umepewa wewe."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Si ulinifunga mdomo mwenyewe! Ungeniruhusu ningetangaza mpaka kwetu Kishapu."

Kisha akageuza ndoo, akaikalia. Kicheko kikaisha.

"Mimi ndiye nakuonea wivu. Wewe una tarehe. Kuna mtu anakungoja akuangalie. Mimi nimeambiwa nenda. Kila nikioga najikagua, na nikihisi kitu sijui kama kipo kweli au ni woga. Nimwambie nani? Baba Kulwa kesharudi shimoni. Na hawa walishanipa pole, nikianza tena watasema nimenogewa na pole."

Nikakaa chini karibu na ndoo yake.

Tukakubaliana tarehe yangu twende wote, na yeye amuulize daktari hofu zake. Halafu nikamwambia, wapangaji waambie habari yangu.

Haikuchukua muda, mama mwenye nyumba akawa kasimama mlangoni. "Aa mayu, mama wee! Pole mwanangu. Siku zote hizi unatumiminia chai tu?"

Nililia kama mtoto, wakuu.

Miezi mitatu haijaisha. Wivu nao haujaisha. Jana mtu kaandika humu kwamba majibu yake ni safi, nikafunga simu kwa hasira.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nawachukia watu kwa kutonipa pole ya jambo ambalo sikuwaambia. Na mwenye majibu mazuri naye anaweza kuwa anahangaika. Kurudi nitarudi.

Mliowahi kuambiwa "rudi tukuangalie tena", hizi siku za katikati mliziishi vipi? Nijibuni muda wowote, usingizi wenyewe sina.