Ubani Ndani ya Oveni

Gesi ya kupikia inanuka kama kitu kilichooza, nayo ndiyo harufu ya mwaka wangu wa kumi. Kabla ya hapo duka letu la mikate pale Gungu lilinukia hamira na iliki, na wateja walishuka kwenye bodaboda wakiwa wameshaanza kumeza mate. Mama alikuwa na oveni kubwa ya gesi yenye milango miwili, na aliipenda kuliko sisi wanawe. Alisema hivyo mwenyewe, akicheka. Aliyekanda unga ni Dada Spesioza, mwanamke wa Kirundi, mpole, mwenye mikono ya nguvu, aliyeniita “mwana wanje”, yaani mwanangu, na kuniwekea vipande vya pembeni vilivyoungua kidogo, maana alijua navipenda. Kusema kweli, ukimwondoa Mama, hakuna mtu mzima niliyempenda kama yeye.

Mama, mzaliwa wa Ujiji, hakuipokea Ijumaa bila ubani. Wenzake walifukiza mlangoni na kwenye pembe za nyumba. Yeye aliona riziki yetu haipiti mlangoni, inatoka ndani ya oveni, basi kila Alhamisi jioni, oveni ikishapoa na mtungi umefungwa, alinituma niingize chetezo chini kabisa, pale panapowaka moto, kisha nifunge milango hadi moshi uishe. Spesioza naye alikuwa na lake: kabla ya kuwasha alifanya ishara ya msalaba na kunong'ona kwa Kirundi. Dua hizo mbili zilikaa pamoja miaka miwili bila ugomvi.

Halafu oveni ikagoma. Ukibonyeza kitufe na kusogeza kiberiti, kimoto kidogo cha kuanzishia kilishika vizuri. Ukiachia kitufe tu, kinazimika. Mama alibadili mtungi, akabadili regyuleta, akapaka povu la sabuni kwenye mpira mzima akitafuta gesi inapovuja. Hapakuvuja popote. Fundi tuliyemwamini alikuwa amekwenda msibani Tabora. Unga ukachacha kwenye mabeseni, wateja wakahamia kwingine, na siku ya nne akaja shangazi yangu, mtu asiyekosa neno, akauliza yule Mrundi hunong'ona nini mbele ya jiko la watu. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, akanywa chai yetu akaondoka.

Mfa maji haachi kutapatapa. Asubuhi iliyofuata Mama alimwita Spesioza barazani, majirani wakisikia, akamwambia afungue alichokifunga. Nami nilikuwa nimesimama pale. Spesioza alijifuta mikono kwenye aproni.

“Mama Mwamvua,” alisema, “mie naliombea liwake tu.”

Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Alinigusa kichwa akapita.

Fundi alirudi wiki hiyohiyo. Alilala kifudifudi, akafungua bati la chini, akatoa kijiti cha shaba chembamba kilichoganda masizi meusi yenye kunata. Alitueleza kwamba hicho ndicho kinachohisi moto. Kisipopata joto hufunga gesi, ili tusije tukalipukiwa. Kisha akanusa kidole chake na kuuliza ni nani anayefukiza ubani humo. Mama alinitazama, nami nikamtazama. Fundi alikisugua kile kijiti kwa msasa, akakirudisha, na chai yake haijapoa oveni ikawaka. Mama aliketi juu ya gunia la unga akalia kama mtoto.

Spesioza alikuwa ameshahamia kijijini Ilagala kwa dada yake. Mama alisema atakwenda kumwomba radhi wiki ijayo. Ikawa baada ya Idi, ikawa baada ya masika, na waliouliza aliwaambia kwamba fundi alibadilisha kifaa. Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na aibu, na aibu kila ikilala inaamka kubwa zaidi. Nilipomkumbusha, nikiwa binti mkubwa tayari, alitoka chumbani. Sikumkumbusha tena.

Mwaka jana tulimzika, na baada ya arobaini nikaenda Ilagala. Nilimkuta Spesioza akichoma maandazi karibu na mialo, boti zinaposhusha dagaa, nywele zimekuwa nyeupe. Alinikumbatia na kunipa pole. Akaniambia alikwisha kumsamehe Mama zamani, kwani mtu akikosa kwa kutojua, utamlaumu nini? Hapo ndipo nilipofanya kosa langu mwenyewe. Nilidhani namletea zawadi, nikamsimulia yote: fundi, kijiti, ubani, na jinsi Mama alivyolia. Aligeuza maandazi mawili, matatu.

“Alijua lini?”

“Wiki ileile, Dada.”

“Kumbe alijua,” akasema, na hakuniita tena mwana wanje.

Siku hizi nina oveni yangu mwenyewe. Ikikataa kushika moto nachukua msasa, nasugua kijiti, na kazi inaendelea. Kilichotuvunjia nyumba mwaka ule ni kazi ya dakika tano. Siku ile ya kutoka Ilagala nilipanda pikipiki nikiwa nimefungiwa maandazi ya moto, nikafika Gungu kabla ya alasiri, maandazi hayajapoa vizuri. Watu husema barabara imefupisha safari, na ni kweli. Lakini hata wakati ule, kwa boti au kwa gari, Ilagala ilikuwa mwendo wa siku moja, kwenda na kurudi.