Siku Nyenje Alipolilia Vyungu Vyangu

Naitwa Mwanne, mfinyanzi wa Mkotokuyana, na walionivunjia vyungu bado wako hai. Nawasimulia wao kwanza, wengine wasikilize.

Mume wangu alikuwa Isihaka, askari wa Keya, jeshi la Waingereza, aliyerudi kutoka vita vya Bama na koti, makovu na saa ya mkononi. Namba za saa ile ziling'aa kijani hata ukifunga mlango mchana. Watoto wa majirani waliingia kuchungulia, naye akajiona sultani. Hakuivua hata akioga. Ndiye aliyetuletea habari za bomu: kwamba Wazungu wamepasua punje ndogo kuliko vumbi, na moto uliotoka humo ukala mji mzima huko Japani.

"Punje ya nini hiyo?" niliuliza.

"Ya kila kitu. Hata wewe umejaa punje hizo."

"Na waliozipasua ndio hawa walioleta matrekta Nachingwea wakashindwa na punje ya karanga?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Nadhani alianza kunichukia siku ile.

Mradi wa karanga ulipokwisha kufa, zikaja habari kwamba Mzungu amepiga kambi upande wa Namungo, anatafuta jiwe la bomu. Alikuwa na kisanduku kinachosema tik, tik, na kikikaribia jiwe hilo kinalia mfululizo. Tukakiita Nyenje, kama yule mdudu mwenye kelele. Wengine walifurahi: barabara itakuja, kazi zitarudi. Wengine walihamisha mbuzi zao. Walisema Mzungu akilipata jiwe atalipasua papo hapo ajaribu, na kuanzia Ruangwa hadi Nachingwea yatabaki majivu.

Siku Nyenje alipofika kwetu alibebwa na Stefano, msaidizi wa Mzungu, mtu mzima mwenye ndevu. Mzungu mwenyewe alibaki kambini na homa. Uani kwangu kulikuwa na vyungu thelathini na kimoja, vimetoka kuchomwa. Isihaka, ili watu wajue kwamba yeye ameona dunia, akanyanyua kimoja kwa mkono wa kushoto, akakisogeza mpaka mdomoni mwa Nyenje.

Nyenje akalia kama mafuta ya moto yaliyotiwa samaki mbichi. Watu walikimbia. Hata Stefano alirudi nyuma. Akatia vyungu viwili guniani, akaondoka navyo kumwonyesha bwana wake.

Wifi yangu Mwamina hakusubiri vumbi litulie.

"Ndiyo maana mimba mbili zimeharibika! Kaka yangu amelala na bomu miaka minane!"

Walivivunja vile ishirini na tisa kwa mipini ya majembe, wamefunga pua kwa nguo. Waliokula wali wangu wa sadaka walikuwa mbele. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Isihaka akanitamkia talaka mbele ya wazee. Nikaambiwa niingie ndani nikae eda. Sikukaa. Nilifunga kanga, nikatembea siku mbili mpaka kambini.

Vyungu vyangu viwili vilikuwa mbele ya Mzungu. Nyenje aliwekwa juu yake: tik, tik. Akawekwa juu ya ardhi tupu: tik, tik, vilevile. Stefano alitazama chini.

"Anauliza, aliyekishika chungu alivaa nini?"

"Shati. Kofia. Saa."

Mzungu akajipiga paji la uso, akacheka mpaka akakohoa. Stefano akanieleza kwamba rangi inayong'aa kwenye saa za askari ni ndugu wa jiwe lile. Nyenje alililia mkono, si chungu.

"Mwambie asicheke hapa," nikasema. "Akacheke Mkotokuyana, mbele ya wifi yangu."

Hakuja. Lakini alimtuma Stefano na Nyenje wake.

Tulifika siku ya gulio, watu wamejaa. Stefano akampitisha Nyenje juu ya vyungu vile viwili tulivyovirudisha: tik, tik. Akampitisha kifuani kwangu, tumboni kwangu: tik, tik. Kisha akawaeleza watu habari ya rangi ya saa za askari.

"Sasa mkono wa Isihaka," nikasema.

Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, na jua lile! Nikampandisha mkono wa shati mwenyewe. Saa haikuwapo. Lakini pale ilipokaa miaka yote palikuwa na mstari mweupe, kama ngozi ya mtu mwingine.

"Saa iko wapi?"

"Imeharibika."

"Lini?"

"Jana."

"Jana mliposikia Nyenje anarudi. Asiyejua hafichi, Isihaka."

Wanawake wakaanza kucheka, mmoja, wawili, kisha gulio zima. Sikucheka nao. Mkono ule ndio uliolala tumboni kwangu miaka minane. Stefano alisema saa haiwezi kuharibu mimba. Huenda ni kweli. Lakini hakuna aliyeuliza kama chungu kinaweza.

Isihaka akanisogelea. "Rudi nyumbani, mke wangu. Bado uko ndani ya eda, naweza kukurejea."

"Rejesha kwanza vyungu ishirini na tisa."

Wazee wakasema ana haki ya kunirejea. Nikasema na mimi nina miguu.

Niliokota vigae vyote, mbele ya macho yao, hakuna aliyeinama kunisaidia. Vigae vikisagwa na kuchanganywa na udongo mpya, chungu hakipasuki motoni. Mfinyanzi yeyote analijua hilo. Nilijenga kibanda karibu na bonde ninalochimba udongo, nikavisaga, nikafinyanga. Wanawake walianza kuja mmoja mmoja, wakisema hawakuwahi kuamini maneno yale. Niliwauzia, na kila mmoja nilimkumbusha jembe alilolishika.

Mwaka jana Mwamina alimtuma jirani: sufuria yake inaunguza kunde, anaomba chungu kimoja tu, hata kidogo, wifi yangu jamani.

"Mwambie nimeweka Nyenje juu ya vyungu vyangu," nikamjibu. "Bado anavililia."